Fundi Aliyerudisha Funguo

Katika kichochoro chetu, milango mingi ina vitasa vya zamani vinavyojifunga vyenyewe mara mlango unapogonga fremu. Ukitoka kumwaga maji na upepo ukavuma, umejifungia nje, na sufuria yako inaungua ndani. Kwa sababu hiyo ilijengeka desturi kwamba kila nyumba humwachia ufunguo wa akiba fundi wa vitasa, mwenye kibanda pale konani. Funguo hizo alizitundika ukutani, nyuma ya jiliwa lake la kubania vyuma, kila mmoja na uzi wa rangi yake, bila jina wala namba.

"Mwizi akiingia humu," alipenda kusema, "ataondoka na funguo zote na asijue hata mlango mmoja."

Fundi huyu alikuja kwetu akiwa kijana asiye na mke, kutoka upande wa pili wa mpaka. Hapa alioa, hapa wanawe walizaliwa, na hapa mvi zilimwota. Hata hivyo, mbele ya serikali alikuwa bado mgeni mwenye kibali, na kibali chenyewe kilikuwa kinakaribia mwisho. Akaomba uraia.

Kila alasiri baada ya sala alikuja barazani kwangu, vidole vikinuka mafuta ya mashine, ili nimfafanulie maneno atakayoulizwa. Nilimweleza kwamba mkazi ni mtu anayekaa mahali; mwenyeji ni yule ambaye mahali pamekuwa pake, hata akaweza kumkaribisha mwingine; na raia ni yule ambaye dola humtambua kuwa wake, naye huitambua kuwa yake, kila upande ukiwa na haki juu ya mwenzake na wajibu kwake. Nikaongeza kwamba neno raia lilitujia kutoka Kiarabu, na huko lilihusiana na wanaochungwa, mfano wa kondoo na mchungaji wao.

"Basi, Mwalimu, mimi ni kondoo niliyejichunga mwenyewe miaka yote hii," akacheka. "Lakini hilo la mwenyeji, hutolewa na ofisi gani?"

"Halitolewi na ofisi. Hutolewa na majirani."

Jibu hilo lilimuuma, kwani majirani walikuwa wamekwisha kumnyima. Kanuni ilitaka raia mmoja wa mtaa asimame hadharani mbele ya ofisa wa uhamiaji na kumdhamini. Mke hakuhesabiwa, wala mimi niliyemfundisha. Katika kikao cha kwanza ofisa aliuliza nani anamdhamini, na watu wote wakatazama viatu vyao. Ulikuwa umeenea uvumi kwamba fundi akikosea, atakamatwa mdhamini. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ufunguo wake ulining'inia kwa uzi wa kijani, alisema kwa upole kuwa asili ya mtu huyu haijulikani. Kikao kikaahirishwa. Cha pili kingekuwa cha mwisho. Akikosa mdhamini tena, fundi angevuka mpaka na kuwaacha mke na watoto.

"Funga kibanda!" mkewe alimwambia huku machozi yakimlengalenga. "Wajifungie nje mpaka waote mizizi. Ndipo watakujua asili yako."

"Hapana, mama watoto. Nikiwabana kwa funguo zao, atakayesimama atasimama kwa woga. Mimi nataka shahidi, sitaki mateka."

Siku moja kabla ya kikao alizitungua funguo zote, akapita mlango kwa mlango kuzirudisha. Alianza kwa mjane mshonaji, aliyeitwa Mama Kengele kwa sababu akinong'ona kwake, mtaa mzima unasikia.

"Kuna nini, shemeji? Umenikasirikia?"

"Sijakasirika, dada. Chukua ufunguo wako."

"Na nikijifungia nje?"

"Utaniita, nitakuja na vyombo vyangu. Ila kesho nataka usiwe na kitu chako kwangu. Ukikaa, ukae kwa hiari yako. Ukisimama, vivyo hivyo."

"Mbishi wewe! Afadhali ungenitukana, ningejua la kukujibu."

Kesho yake ofisi ya mtaa ilijaa hadi madirishani. Ofisa aliuliza swali lile lile, na macho yakaanza tena kushuka kwenye viatu. Fundi hakuinamisha kichwa; aliwatazama watu mmoja mmoja, bila kuomba. Ndipo kiti kikakwaruza sakafu.

"Mimi hapa," alisema Mama Kengele.

"Unaijua asili yake?" ofisa akauliza.

"Asili yake siijui, na ya mume wangu sikuijua vizuri vilevile, nikazaa naye." Watu wakaangua kicheko. "Ninachokijua ni kwamba huyu amekaa na ufunguo wangu tangu marehemu yu hai, na nyumbani kwangu hakijapotea hata kijiko. Jana amenirudishia ili niseme bila kubanwa. Basi nasema. Huyu ni wa kwetu. Likitokea la kutokea, njooni mnishike mimi, nyumba mnaijua."

Akatembea hadi mbele, akamwekea fundi ufunguo kiganjani. "Uzi uwe mwekundu kama zamani. Usinibadilishie."

Wengine wakasimama baada yake, ingawa si wote. Mwenyekiti alibaki kitini akifuta miwani. Ofisa alikubali ombi, na baada ya muda fundi akaapishwa. Hata mwenyekiti alikuja kibandani, siku upepo ulipombamizia mlango akiwa na taulo kiunoni. Fundi alimfungulia kwa vyombo vyake, naye mwenyekiti akamwachia ufunguo. Ukafungwa uzi wa kijani.

Baadaye kikaitishwa kikao kingine, cha mshona mikoba aliyekuja mtaani kwetu kutoka mbali zaidi. Ofisa akauliza nani anamdhamini. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho, lakini fundi alikuwa amekwisha kusimama kabla swali halijaisha.