Viazi vya Macho

Jana dada alipokuja kwangu alisimama kwanza getini, akapitisha kidole kwenye mshono wa chuma. "Fundi wako kaharakisha," akasema. Kisha tukakaa jikoni kumenya viazi vya chipsi, na harufu ya kiazi kibichi ikanirudisha Magomeni, kwenye chumba tulicholala wote wawili mimi nikiwa mdogo.

Dada alikuwa anasomea kuchomelea vyuma chuo cha ufundi. Siku moja alirudi macho yameungua kwa ule mwanga wa kuchomelea, mekundu, yanakereketa kama yametiwa mchanga. Akajilaza chali na ovaroli lake la bluu, linanuka moshi wa chuma. Dawa ya mafundi ni kiazi kibichi. Nilikata vipande vyembamba nikamwekea juu ya macho, na vikipata joto nabadilisha.

"Kesho nachomelea dirisha zima," aliniambia. "Mwalimu kanichagua mimi."

Mama akaingia, ametoka dukani kwake Kariakoo. Alimtazama dada, akaketi kitandani, akamshika mkono.

"Mwanangu, macho hayana spea. Chuo basi. Kesho tunaenda wote dukani, utanisaidia kuuza vitenge."

"Sawa, mama."

Maji yakaanza kutiririka kutoka chini ya vile vipande, yakaingia masikioni. Nilidhani ni maji ya viazi. Nikayafuta kwa ncha ya kanga, nikakata vingine.