Bi Kazija Hataki Kuitwa Mshirika

Saa mbili asubuhi, barazani kwake Kikwajuni, Bi Kazija Mjaka anapitisha sindano kwenye kipande cha juu cha kofia, kile cha duara. Kipande cha kuzunguka kichwa hushonwa na Bi Tamima, nyumba ya pili. Ndivyo walivyogawana kazi tangu usichana wao, na wanaume wa mjini wanazijua kofia zao kwa kuzitazama tu.

Lakini siku hizi vipande vya duara vimejaa kikapuni. Bi Kazija amegoma kuvitoa.

"Nimpe kwa lipi? Mimi kwake si shoga," anasema, uso kaukunja.

Chanzo ni daktari mmoja wa kigeni aliyekuja kununua kofia. Bi Tamima, aliyesoma Kiingereza skuli, ndiye aliyewatambulisha. Bi Mwanapili, jirani aliyehamia juzi tu, aliitwa "my best friend", yaani rafiki kuliko wote. Bi Kazija akaitwa "my business partner". Mumewe, Bakar, ndiye aliyemfasiria jioni: mshirika wa biashara.

"Nlihisi nimemwagiwa maji," anasema. "Mwaka sitini na nne, kwenye Mapinduzi, alipotoka kwao Shangani na watoto, hana pa kulala, nani alimpokea? Mwanapili? Kitandani kwangu kalala yeye, mimi mkekani. Leo nimekuwa mtu wa biashara."

Wivu hakatai kwamba anao. "Nnao, tena mkubwa. Nikiwasikia yeye na Mwanapili wanacheka ndani, kazi hainendei."

Bi Tamima naye ana lake. "Mwanapili alikuwa kasimama pale, nkampa neno la heshima. Rafiki nnamwita kila anayepita kunisalimia. Mwenye nusu ya kofia yangu ni mmoja tu."

Maneno hayo yameshamfikia Bi Kazija. Anasema ni mazuri, ila angeambiwa yeye mbele ya mgeni, si kuletewa na watu.

Daktari anarudi Ijumaa. Bi Kazija amepanga kuwapo.

"Kiingereza sijui, lakini yale maneno aliyoitwa Mwanapili nshayahifadhi. Tamima akiniita hivyo, kikapu kizima nnamkabidhi palepale."

Na asipomwita?

Anakata uzi kwa meno, kisha anaipunguza sauti.

"Nitampa vilevile. Wajukuu zake nimewalea mimi, watakula nini? Lakini Mwanapili asije akakaa baina yetu."