Nilikimbilia Maua ya Japani, Sikumwona Binti Yangu

Kosa ni langu, jamani, simsingizii mtu. Nina duka la vitenge hapa Busia, na haya nayaandika nikiwa situlii. Nakaa, nasimama, nakwenda mlangoni, narudi.

Binti yangu, nitamwita Rehema, anasoma uuguzi Japani. Majira ya maua ya cheri yalipokaribia akanipigia simu. "Mama, njoo. Tiketi nalipa mimi. Njoo tu tukae pamoja."

Mimi nilisikia Japani! Hilo la kukaa halikuniingia kabisa.

Wenzangu sokoni wakanitania, "Ukirudi bila picha, usituambie ulifika!" Basi nikaondoka na kiherehere changu.

Loo, nilimkimbiza yule mtoto! Tokyo, kwenye bustani ambako watu wanakula chini ya miti ya maua. Nara, ambako paa wanazurura mjini kama mbuzi wa kwetu, ukiwapa biskuti wanainamisha kichwa. Nikataka na mlima Fuji, theluji ikiwa bado kileleni. Kyoto tukapanda kilima chenye malango mekundu, moja baada ya jingine mpaka juu. Kila mahali ni, "Rehema, nipige hapa! Sasa simama wewe. Tabasamu basi!"

Kwenye ngazi alikuwa anahema. Nikamcheka! "Msichana mzima unashindwa na mama yako!"

Tuliposhuka akatandika shuka kando ya mto, chini ya mti uliojaa maua. Kumbe alikuwa amepika chapati tangu alfajiri, na chai kwenye chupa. Akanishika mkono.

"Mama, kuna kitu nataka kukuambia."

"Utaniambia kwenye treni. Jua linashuka, picha zitaharibika. Hebu simama!"

Akasimama. Akatabasamu.

Kwenye treni nilikuwa natuma picha sokoni. Sikumuuliza. Ee Mungu wangu, sikumuuliza!

Nilirudi Busia kifua mbele. Picha nikawa namwonyesha kila mteja, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja rafiki yangu akaichukua simu, akaikuza ile ya chini ya mti.

"Mbona mtoto amekonda hivi? Anaumwa?"

Nikampigia Rehema palepale, nikamuuliza kama anaumwa.

"Nilishafanyiwa upasuaji, Mama. Walinitoa uvimbe tumboni. Ilikuwa siku chache baada ya wewe kuondoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu. Nilitaka uahirishe safari ya kurudi, ubaki na mimi. Lakini ulikuwa na furaha sana."

"Nani alikaa na wewe hospitalini?"

"Hakuna, Mama. Wauguzi tu."

Nililia mbele ya wateja, sikuona haya.

Amepona, amerudi darasani. Nimemwomba msamaha, anasema yamekwisha. Lakini nikisema nataka kurudi huko anajibu, "Subiri kwanza, Mama, masomo ni mengi." Nikimuuliza hali yake ni neno moja tu: "Salama." Juzi nilimsikia anakohoa. "Mafua tu, Mama." Akakata simu. Je, ni mafua? Nitajuaje? Siku hiyo mchana kutwa nilitembea mpaka geti la forodha, pale mpakani, na kurudi, simu mkononi, duka limefungwa.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Maua huchanua kila mwaka, na ule mlima hauendi popote. Ukienda kumwona mtoto, mwone mtoto.