Madaftari Yaliyooshwa Kizuizini

Uvumilivu wangu uliishia kwenye ndoo. Nilikuwa nimesimama upande wa Kibondo wa kamba iliyofunga barabara ya Kasulu, binti yangu mgongoni, nikamwona bwana afya akichukua daftari langu, akalizamisha kwenye maji ya dawa, akalikung'uta kama kitambaa cha kufutia meza, kisha akachukua la mwalimu mwenzangu.

"Ndugu, unafanya nini?"

"Naosha."

"Unaosha daftari?"

"Ego, naosha. Nimeambiwa kila kinachotoka Kibondo kioshwe. Kuna kipindupindu huko kwenu."

"Na yale magunia ya maharage?"

Akayatazama. "Nikiyaosha yataota, mama."

Nikaipiga ndoo teke. Sijutii, ingawa miguu ilininuka dawa siku mbili, na daftari langu likaenda kwa mkufunzi hivyohivyo limelowa.

Nilikuwa najifunza ualimu. Watoto wote walitakiwa shuleni na walimu hawakutosha, kwa hiyo sisi tuliokuwa na elimu kidogo tulifundisha asubuhi, na mchana tukafundishwa ualimu wenyewe. Mkufunzi alikuwa akija kutoka Kasulu kila wiki. Kipindupindu kilipofunga barabara, akaanza kutuma maswali kwa karatasi hadi kizuizini. Nasi tukapeleka majibu hapohapo kwa zamu, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Daftari langu lilirudi mara mbili limevimba, kurasa zina ukungu wa buluu, na maandishi mekundu juu: "Hukufanya kazi. Umemwaga maji kuficha uvivu." Mara ya tatu unafutwa kwenye mafunzo. Mimi, niliyeandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto anayenyonya. Ndiyo maana safari hii nilibeba madaftari mwenyewe, nijue yanapatwa na nini njiani.

Hasira ikibaki peke yake haifundishi kitu, na mimi nilitaka kujua. Je, ugonjwa unapanda karatasi? Nilimwuliza tabibu wa zahanati yetu. Akaniambia unakaa kwenye maji machafu na kwenye mikono. Karatasi iliyokauka vizuri juani haimpi hofu, mradi aliyeishika anawe.

Nikarudi kizuizini na karatasi tatu. Moja nimeandika kwa wino, moja kwa penseli, ya tatu kwa wino pia, ila nilikuwa nimeianika kutwa nzima. Bwana afya akanitazama miguu kwanza.

"Leo hupigi teke?"

"Leo nakuomba dawa."

Tukachovya zile mbili za kwanza, ya tatu tukaiacha kavu, tukachutama kama watoto kwenye shimo la siafu. Wino ukaondoka kabla sijahesabu kumi. Penseli ikabaki, kila herufi. Akaigeuzageuza ile karatasi.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nafuta," akasema. "Nilidhani nyie hamna cha kuandika."

"Mkufunzi naye alidhani hivyo."

Akakubali kupitisha madaftari yaliyoanikwa, ila akataka ruhusa yenye mhuri. Nikamwandikia mkufunzi kwa penseli, nikaeleza yote, nikaambatanisha karatasi zote tatu. Jibu lake lilikuwa mistari miwili: kanuni inataka wino, penseli ni ya darasa la kwanza, na kwa kuwa daftari la tatu nalo limefika tupu, jina langu linapelekwa kufutwa.

Basi nikaandika kwa Afisa Elimu wa Wilaya, nakala kwa mkufunzi mwenyewe. Niliyoyaandika ni haya:

"Ndugu, nalalamika rasmi kwamba nimehukumiwa kwa kazi iliyofutwa na dawa ya serikali. Kazi zote tatu nimeziandika upya kwa penseli, nazo zimo humu. Naomba zisahihishwe kabla jina langu halijaguswa, na wenzangu watano wasahihishiwe vilevile. Naomba kizuizi kipewe kibali cha kupokea madaftari yaliyoanikwa juani, au mafunzo yakubali penseli hadi barabara ifunguliwe. Kama mkufunzi ana shaka, aandike ukurasa mmoja kwa wino wake, auchovye mwenyewe, kisha ajipe alama."