Serikali Ilivyotufundisha Kuogelea

Nilikaa kwenye mashine ya kufuma vitenge miaka mingi kiasi kwamba nyumbani, Mabatini, wanangu walilalamika kuwa mama anaongea kwa kufoka. Haikuwa hasira. Kiwandani mtu hasikiki. Sisi wafumaji tulizoea kusomana midomo, na jirani yangu wa mashine, Mjita wa kule Mara mwenye maneno kuliko redio, aliweza kunisimulia harusi nzima kutoka upande wa pili bila kutoa sauti.

Siku meneja alipotukusanya nje na kutuambia kuwa vitenge sasa vitafumwa ng'ambo, huko ambako gharama ni ndogo, na kuletwa hapa vimeshakunjwa, tulichukua mikoba yetu tukatawanyika. Kila mtu alikwenda kulia kwake. Mimi nililia jikoni nikichambua mchicha, na mchicha wenyewe nikausahau motoni.

Baadaye tuliitwa kwenye ukumbi mmoja Mkuyuni. Afisa wa serikali alitueleza kwamba tutalipwa fao la kukosa ajira kwa muda, na kwamba serikali itatugharamia mafunzo ya kazi nyingine. Akataja ushonaji, upishi, na ufugaji wa samaki kwenye vizimba, yaani nyavu kubwa zinazoelea ziwani, samaki wakiwa ndani.

Nikamwona jirani yangu, safu ya mbele, amegeuka. Midomo yake ikasema: samaki.

Nami kwa midomo nikamjibu: unaumwa?

Nimezaliwa ziwani mimi, akasema. Utanifuata mimi.

"Mama wa kitambaa chekundu," afisa akamwita, "mbona unatafuna kitu kwenye mkutano?"

"Sitafuni, mheshimiwa. Tunachagua samaki, mimi na mwenzangu yule."

Watu wakageuka kunitazama. Mimi ni Msukuma wa bara kabisa. Kwetu maji yalikuwa ya kunywesha ng'ombe, na yakizidi magoti unaita watu. Lakini nilikwisha kushikwa na kicheko, na kwa kicheko hicho nikakubali.

Sharti la kwanza, tukaja kuambiwa, lilikuwa hili: hakuna kukanyaga kizimba bila kujua kuogelea. Asubuhi ya somo nikachukua bukta ya mume wangu kwenye kamba.

"Unakwenda wapi na bukta yangu?" akauliza.

"Serikali imeniita."

Aliketi kwenye kiti akacheka mpaka chai ikampalia.

Mwalimu alikuwa mama wa Ukerewe, mtu mzima, mpole, ambaye kila penye "l" aliweka "r". Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuelekeza majini. Tuliingia tumeshikana mikono, wanawake wazima wa kiwanda, kila mmoja na bukta ya mume wake. Jirani yangu alitangulia kifua mbele. Maji yalipomfika kiunoni akasimama. Kisha akanikumbatia shingo kwa nguvu.

"Si umezaliwa ziwani?" nikamwuliza.

"Nimezaliwa ziwani," akaninong'oneza, "sikusema nimeogelea. Baba alikuwa mvuvi. Sisi wasichana tulikuwa tunaanika dagaa."

Nilicheka, naye akacheka, na kwa kuwa alikuwa amening'inia shingoni mwangu tukazama wote wawili. Tulipoibuka tunakohoa, wenzetu walikuwa hoi kwa vicheko na mwalimu ameshika mbavu.

"Sasa mmeshakunywa," akasema, "woga umekwisha. Haya mama, rara. Rara kama uko kitandani kwako."

Akaniwekea kiganja mgongoni. Nikalala. Masikio yakaingia majini, kelele zote zikafutika, nikaona mawingu tu. Nilingoja kuzama, sikuzama. Baada ya kitambo nikamwona mwalimu amesimama mbali, mikono yake yote miwili kiunoni. Nilikuwa naelea peke yangu, mama wa watoto wanne, nimevaa bukta ya kuchezea mpira. Furaha iliyonipata sikuwahi kuijua. Nilitaka kuimba, nikafungua mdomo, maji yakaingia.

Mafunzo tuliyamaliza. Wengine waliacha katikati wakarudi kuuza nyanya, na siwalaumu, maana fao lilikatika kabla samaki hawajakua na miezi ile ilikuwa migumu. Mume wangu aliubeba mzigo wa nyumba bila kunung'unika. Sisi tuliobaki tukaunda kikundi, halmashauri ikatukopesha, na kizimba chetu kikawekwa upande wa Luchelele.

Siku ya kuvua mara ya kwanza tulivuta wavu tukiwa tumejipanga kwenye ukingo wa kizimba. Maji yakaanza kuchemka kwa samaki. Sato mmoja, mnene, akaruka akamwingia jirani yangu ndani ya blauzi. Jirani yangu akaachia wavu, akaanza kucheza ngoma ambayo hata Wajita wenyewe hawana, huku akitutaka tumtoe, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumtoa. Tulikuwa tumelegea kwa kucheka. Wavu ukatuponyoka mikononi, nusu ya samaki wakatoroka kurudi upande wa pili wa kizimba, na ikabidi wafugaji wa kizimba cha jirani waje na mtumbwi kutusaidia kuvuta upya. Wakatuuliza kuna nini. Tukawaonyesha blauzi kwa vidole, tukaanza kucheka upya.