Moto wa Jikoni kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Butiama, nilipewa kazi ya kumlinda mtu aliyekuwa vitani. Baba mdogo Magesa, askari wa miguu, alikuwa amepelekwa Uganda. Bibi, mama yake, aliamuru moto wa jikoni usizimike hadi mwanawe arudi, wala usiombwe kwa jirani. Moto wa askari ukizimika, alisema, naye huko amekufa.

Bibi akaenda msibani Bunda siku mbili, akaniachia moto. Asubuhi ya pili nikakuta majivu matupu. Madukani viberiti vilikuwa vimeadimika miezi mingi. Nikaenda na kigae kwa jirani, Mama Wegesa.

"Kwa bibi yako moto umezimika?"

"Hapana, mama. Huu wa kuchomea mahindi."

"Mahindi msimu huu? Haya, chukua, mwongo wewe."

Wiki ile akapita askari aliyejeruhiwa. Alisema kikosi cha Magesa kinapigania kilima kinachotazama barabara kuu. Wanapanda, wanarudishwa, wanapanda tena. Chakula kikanishinda. Siku ya nne nikamwambia bibi kila kitu.

"Najua," alisema. "Niliporudi, gogo kubwa nililoliacha likiwaka nililikuta baridi, pembeni ya moto wako."

"Mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa, nani angenisaidia kuchochea? Leta kuni."

Kukiteka kilima kulichukua karibu mwezi mzima. Magesa alirudi akichechemea. Alitueleza walivyobebana mteremkoni, na jinsi watu wa kikosi chake walivyokatazwa kushuka kutafuta maji, wakabaki juu na kiu yao.

"Mlikuwaga mnaota moto?" nikamuuliza.

Akacheka. "Moto? Kule ukiwasha hata sigara, mizinga inakujia, mwanangu."

Nikamtazama bibi. "Kula, ugali unapoa," alimwambia mwanawe.

Sijui kama moto unaweza kumlinda mtu aliye mbali hivyo. Baba mdogo namheshimu kwa kilima kile, na wanangu nimewasimulia kama alivyosimulia, bila kuongeza. Lakini ilinichukua miaka kuelewa alichokifanya bibi. Kwa imani yake, tangu aliporudi kutoka Bunda mwanawe alikuwa amekwisha kufa. Hakuomboleza, hakunilaumu, hakumwambia mtu. Kila alfajiri aliinama akapuliza makaa yale ya kuazima, machozi yakimtoka, nami nilidhani ni ya moshi.