Lithografia Iliyonivunjia Posa

Kosa ni langu, jamani, na shetani simsingizii. Hili nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Mimi ni mchapaji hapa Maili Moja. Nachapa kadi za harusi, kalenda na vitabu vya risiti. Mwaka juzi nilikwenda mafunzo ya wiki mbili, nikarudi na cheti na neno moja: lithografia, yaani uchapaji wa kutumia bamba, maji na wino. Neno lile nililivaa kama suti. Hata muuza chipsi jirani yangu nilimfundisha kulitamka, na hakuniomba.

Basi tukaenda Chole, Kisarawe, kumposa Zena wangu. Mshenga alikuwa baba mdogo. Kwetu muoaji hafungui mdomo kwenye posa, na wengi hata hawaendi. Mimi nilibembeleza niende, nikaapa nitakaa kimya.

Baba yake Zena akauliza, "Kijana wetu anajishughulisha na nini?"

Baba mdogo, maskini, akitaka kunipandisha, akajibu, "Huyu ni fundi wa litogarafia, mzee mwenzangu."

Nikashindwa kuvumilia. "Samahani, baba mdogo. Ni li-tho-gra-fi-a. Silabi tano." Nikazipigia makofi moja moja, nimekaa kwenye mkeka wa watu. Halafu, sijui nililogwa na nani, nikamwomba arudie.

Baba mdogo akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Naona mwanetu anajiweza. Aendelee mwenyewe."

Mzee akaturudishia barua yetu ya posa. "Amemkosoa baba yake mbele za watu," akasema. "Binti yangu akizidisha chumvi, si ataita mtaa mzima?"

Zena alinipigia simu mara moja tu. "Nilikuomba ukae kimya. Kukaa kimya tu kulikushinda?" Nililia sana siku ile, na baba mdogo mpaka leo shikamoo yangu anaiitikia akitazama pembeni.

Mwezi uliopita kaka yake Zena alikuja dukani kuchapisha kadi za harusi ya dada yake. Nilizichapa zote, kwa mikono yangu. Akazisifu, akauliza uchapaji huu unaitwaje.

"Mashine tu, kaka," nikamjibu.

Nyie mnaojiandaa kwenda kuposa, mwacheni mshenga akosee anavyotaka. Cheti changu kipo ukutani, kimewekewa fremu nzuri. Ugali napika mwenyewe.